Kompyuta Yenye Mchezo wa Magari

Jumamosi, Unyambwa

Yule muuzaji wa kompyuta alinikera kweli. Nilimwambia waziwazi nataka ile ndogo, ya kuchapia barua za wateja, basi. Yeye akamkalisha mume wangu mbele ya ile kubwa na kumfungulia mchezo wa magari, kama anambembeleza mtoto!

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimkemee. Kisha nikamwona Baba Halima.

Tangu apatwe na kiharusi hajagusa usukani. Lori tuliliuza, na mkono wake wa kulia anauficha ndani ya koti hata akila na sisi. Leo aliutoa mwenyewe, mbele za watu, akauweka juu ya vibonyezo. Akabonyeza kimoja kimoja. Gari likaingia mtaroni, akacheka, akalirudisha barabarani.

Ile ndogo mchezo huo haiuwezi. Nimechukua kubwa. Akiba imekwisha, na wateja wenyewe bado sijawaona. Naogopa, sifichi.

Lakini pale dukani, macho yake kwenye kioo, aliniambia, “Mama Halima, shika vizuri, tunateremka mlima Sekenke.”

Nikashika kiti.