Mikono yangu ya asubuhi

Neema mwanangu, salamu nyingi. Nisalimie baba yako, bibi, Shukuru na watoto wake, na jirani yetu mama Riziki. Huku Durban mvua inanyesha, na ninakumbuka nilivyokuwa nakuogesha ukiwa mdogo, unateleza kama samaki. Ninaomba nimuogeshe na huyo aliye tumboni mwako.

Juzi kliniki walituita sisi wagonjwa wa viungo, wakauliza warekebishe nini. Kila mtu akajibu, "Asante daktari, yote iko muzuri." Niliogopa, lakini nikasema, wifi yako Sifa akatafsiri: "Nikiamka vidole ni vigumu, hata kifungo sifungi. Wewe unaniona saa sita vimelegea, unaandika nimepona."

Mama mmoja Mzulu akapiga makofi: "Eish, Mama, hata mimi!"

Tukapatana kila mgonjwa aje na picha ya mikono yake akiamka. Leo daktari ameiangalia yangu, akasema, "Pole Mama, sikujua." Amebadilisha dawa, ila ningoje huku miezi mitatu aone kama inanisaidia.

Sasa mtoto akizaliwa mbele ya mimi kurudi, nani atamuogesha? Niandikie upesi, mama, silali.

Mama yako