Mashamba Sifuri

Bigwa, 3 Septemba 2024

Mwanvita mpwa wangu,

Marahaba, ingawa hujaniamkia. Magoti yangu yanasikia mvua ambayo haipo. Wewe je, bado unakula feni ya serikali?

Simu zangu hupokei, basi soma karatasi. Programu inayogawa maji ya mto kwa mifereji niliiandika mimi, peke yangu, mwaka 1983, kwa Fortran safi, lugha ya kompyuta za enzi zile. Haya, nimedanganya: aliiandika Injinia Stefano. Mimi wa darasa la saba nilipiga chapa tu. Lakini kila herufi ilipita kwenye vidole hivi, na miaka arobaini mfereji wa bibi yako, Bibi Mwanahawa, haukukosa maji. Ninyi wa ofisi ya maji mmeleta mashine mpya, wiki moja tu, lango limefungwa! Kabichi za mama yako zimelala kama walevi. Huko chuoni mlisomea kufunga?

Mjomba wako,
Pazi

Morogoro, 6 Septemba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Pole na magoti. Huku wazima.

Usinisute kwa kabichi za mama, ndizo zilizonisomesha. Mashine ya zamani ilikufa, nikaihamisha programu kwa kompaila ya kisasa, ile inayogeuza maandishi kuwa amri za mashine. Mifereji kumi na saba imepata mgao uleule wa siku zote. Mmoja tu haukupata kitu: wenu. Nikafungua orodha ya watumiaji. Mfereji wa Bibi Mwanahawa, idadi ya mashamba: 0. Aliyejaza: Pazi.

Sasa niambie wewe, nani kafunga lango?

Mpwa wako,
Mwanvita

Bigwa, 8 Septemba 2024

Mheshimiwa hakimu,

Marahaba. Mimi mzima, miche ndiyo mahututi.

Ndiyo, niliandika sifuri. Bibi yako alinikalia kooni: “Ardhi ni ya ukoo. Huweki majina ya wanawake wangu kwenye daftari la watu. Anayeandikwa leo, kesho anaitwa, keshokutwa ananyang'anywa.” Ningembishiaje, mimi mwanamume wa Kiluguru, mwenye kofia tu, na ardhi kwetu ni ya wanawake? Nikajaza 0, nikangoja balaa. Balaa halikuja. Injinia alicheka mpaka akapaliwa. Fortran ya zamani, alisema, ni mgeni asiyepiga hodi: mzunguko wa kuhesabu mashamba unaingia ndani mara moja kwanza, ndipo unauliza kama kuna mtu. Mashamba sifuri, mfereji ukapata maji ya shamba moja!

Aliniambia pia kwamba kompaila za baadaye huwekewa chaguo la kuiga tabia hiyo ya zamani. Liwashe, ufunge mdomo.

Mjomba wako mwenye akili,
Pazi

Morogoro, 10 Septemba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Afya yako sitaiuliza leo.

Chaguo lipo. Nililiwasha, mgao ukatoka sawasawa na makaratasi ya zamani: shamba moja. Kisha nikalizima.

Mashamba pale ni kumi na moja, mjomba. Miaka arobaini wanawake kumi na moja wanagombania maji ya shamba moja, wanaamka kuchungana kwenye mfereji, nawe unajua, unacheka na Injinia wako! Nimemwambia mama kila kitu. Majina yafike Ijumaa. Yasipofika, mgao wa msimu unatiwa saini bila ninyi, na lango litakaa hivyo mpaka masika.

Mwanvita

Bigwa, 20 Septemba 2024

Mwanvita mpwa wangu,

Marahaba ya zamani na ya leo. Majina yalifika, najua, maana maji yamekuja yanapiga kelele kama harusi.

Mama yako alinikalisha juu ya ndoo mbele yao wote. “Bibi alikataza majina, Pazi. Maji alikataza lini?” Nikaomba kalamu. Kila mmoja akataja jina lake kwa sauti, mmoja wao, Felista, akalitaja lake mara mbili ili niumie. Mwisho nikachomeka langu, la kumi na mbili. Mama yako akalikata. “Wewe subiri miaka arobaini.”

Kabichi zao zimesimama. Zangu zinakauka hatua tatu kutoka mferejini, na wanauchunga kwa zamu, kila mmoja na jembe lake. Salamu zangu hawaitikii.

Ulipokuwa na miaka sita uliumwa na nge, nikakubeba mgongoni mpaka hospitali, ukanitapikia shati jipya. Hujanilipa. Mwombe mama yako nusu saa tu ya maji, Jumanne, baada ya wote kumaliza.

Mjomba wako,
Pazi