Onyo la Mtambo wa Nta

Mtendeni, Tabora
9 Juni 2024

Mpendwa dada Recheli,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Igalula, wewe, shemeji na watoto, na kwamba mpunga umeshaingia ghalani. Mimi mwili haujambo, roho ndiyo haijatulia.

Unamkumbuka Zablon, yule mgeni ambaye mjomba Amon alimleta karakanani anifundishe kuandika miongozo ya mitambo yetu ya asali kwa XML, ile lugha ya kompyuta ya kupangia maandishi. Miaka sita nimeandika kila mtambo na kitabu chake, halafu mtu anakuja kuniambia nifungie kila kipande cha maandishi kati ya alama mbili zenye jina: hii hatua, hili onyo. Nilipotaka kukoza wino wa onyo alinikataza, akasema nitaje tu kwamba hili ni onyo, sura yake itapangwa baadaye. Baadaye lini, na nani? Siku moja nikasahau kufunga alama moja, kompyuta ikakataa kitabu kizima, naye akatabasamu. Kwangu mimi, mtu anayehangaika kufunga kila anachofungua ana jambo analolificha.

Kisha akaanza kuyahamishia maonyo yangu kwenye faili moja. Alieleza kwamba onyo litaandikwa mara moja tu, na kila kitabu kitalichukua humo. Mimi nilichosikia ni kwamba ananipora maneno ili mjomba aone sina kazi.

Mwezi wa nne, mteja wetu Minza wa Usinge alifunua mtambo wa kuyeyushia nta moto ukiwaka, nta ikamuunguza mkono. Kitabu chake hakikuwa na onyo la kuzima moto kwanza, na mimi nilikuwa nimeliandika! Ndipo nikakuandikia kwamba kikulacho ki nguoni mwako, Zablon amelifuta makusudi. Nawe, kwa kuwa kwetu mdogo hapeleki mashtaka kwa mjomba ila kupitia kwa mkubwa wake, ukayafikisha. Mjomba akamsimamisha kazi siku ileile.

Dada, si yeye. Nilipoandaa kitabu cha kikamulio cha mkono, kisichotumia moto, niliona onyo la moto halina maana pale, nikalifuta. Nilidhani nafuta kwenye kitabu kile tu, kumbe nilikuwa ndani ya faili la wote, likatoweka katika vitabu vyote vya mitambo ya moto. Nimelijua hili wiki tatu zilizopita, nilipofungua faili lile nikakuta kompyuta imeweka jina langu na tarehe niliyolifuta. Nikanyamaza, Zablon akiwa amekaa nyumbani bila kazi. Naona aibu hata kukuandikia.

Jana nilikwenda kumuomba radhi. Akasema jina langu alilisoma siku ileile Minza alipoungua, lakini nani angemwamini mgeni dhidi ya mpwa wa mwenye karakana? Hakunigombeza. Aliniuliza jambo moja tu, kama nimeshalirudisha lile onyo.

Nilikuwa sijalirudisha. Nililibandika kwenye kitabu cha Minza peke yake, kwa kuwa kuligusa faili lile kungewafanya watu waulize. Wiki tatu, dada, vitabu vimeendelea kutoka hivyo hivyo.

Nimelirudisha leo asubuhi. Sasa nakwenda kwa mjomba mwenyewe, na safari hii sitapitia kwako, unisamehe. Baada ya hapo nitaanza kuwatafuta walionunua mitambo ya moto yenye vitabu visivyo na onyo.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na uniombee.

Mdogo wako,
Levina