Meneja wa Kituoni au Mtoto wa Mbwa wa Wifi

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi mbwa wawili wanatakiwa kuingia nyumbani kwangu na mimi nina nafasi ya mmoja, mmoja nimemkubali kwa kinywa changu mwenyewe na mwingine nimeshindwa kumkataa, na juzi nimemshonea mteja mkono wa kulia wa gauni upande wa kushoto, akalivaa mbele yangu, akajitazama kwenye kioo, akaniuliza, "Fundi, wewe mzima kweli?"

Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani, chumba cha mbele ndicho kiwanda changu, sakafu haikosi pini na vifungo na nyuzi hata nifagie vipi, na mume wangu ni dereva wa malori ya safari ndefu, akiondoka ameondoka, watoto nao wameshakuwa na maisha yao, kwa hiyo muda mwingi ni mimi na cherehani. Sasa miezi michache iliyopita, jioni giza likianza kuingia, nikiwa napiga pasi suruali ya mteja, nikasikia kitasa cha mlango wa mbele kinageuzwa polepole, hakuna hodi, hakuna salamu, kinageuzwa tu, kikarudi, kikageuzwa tena, nikaichomoa pasi ukutani nikasimama nyuma ya mlango nimeiinua juu, jasho linanitoka, mpaka nikasikia hatua zinaondoka, na hadi leo sijui alikuwa nani, labda mlevi aliyekosea nyumba, labda siye. Tangu siku ile nashona redio imezimwa ili nisikie vizuri, na kiti nimekigeuza kiangalie mlango badala ya dirisha, kwa hiyo hata mwanga wa kutungia uzi sina.

Mume wangu sikumwambia. Yuko barabarani na mzigo wa watu, nimwambie ili iweje, awe na mimi kichwani badala ya barabara? Nikamwambia tu nataka mbwa, akaniuliza wa nini, nikasema upweke. Akacheka, akasema, "Basi mke wangu, hilo dogo sana," na hata simu haijapoa ameshampigia dada yake.

Huyo dada yake, wifi yangu, anafuga mbwa wa mbegu nyumbani kwake na kuwauza, na si mtu ninayeweza kumkatalia kirahisi, mshauri, kwa sababu nilipolazwa hospitali ndiye aliyekaa na mimi, akanisuka nywele nikiwa siwezi hata kuinua shingo, wakati ndugu zangu wa damu walikuwa watu wa kupiga simu tu. Akaniambia, "Wifi, wewe huchagui, nakuchagulia mimi, aliye bora kuliko wote." Kila siku ananitumia picha, mara mtoto wa mbwa kafungwa utepe, mara kalala ndani ya kiatu, na kweli anapendeza, sitasema uongo, nimezionyesha mpaka kwa wateja. Nikaenda kuwaona, wako kwenye boksi jikoni, bado wananyonya, nikaomba kumwona mama yao, wifi akasema yuko uani, amechoka, halafu siku hizi hataki wageni, "we mchukue tu huyu angali mdogo hivi hivi, akuzoee wewe." Nikasema haya wifi, tutaona. Mtu mzima akisema tutaona kila mtu anajua ana maana gani, lakini wifi ameshautangazia ukoo mzima kwamba Jumamosi ananiletea zawadi.

Sasa huyo mwingine. Mabaki yangu ya vitambaa huwa nayapeleka kwenye kituo cha mbwa walioachwa, wanayatumia kuwatandikia, na huko kuna mbwa mmoja mkubwa, mdomo umeshaanza mvi, wanamwita Meneja kwa sababu hukaa mlangoni kutwa nzima akiangalia nani kaingia nani katoka. Dada anayewalea aliponiona namkodolea macho akaniambia nije na kazi yangu nikae naye, nisimwite, nisimguse, nishone tu. Nikaenda na suruali ya kukunja pindo kwa mkono. Mshauri, mbwa yule akaja mwenyewe akalala, akaweka kidevu juu ya mguu wangu, macho mlangoni, na nilipofika mwisho wa pindo ndipo nikagundua sikuinua kichwa hata mara moja. Nikalia pale pale, nikasingizia uzi umenichoma jicho, sijui uzi unachomaje jicho.

Lakini kabla sijaondoka akaingia mwanamume wa kuleta maji, mtu mnene, buti miguuni, sauti kubwa, na Meneja akasimama manyoya yamemsimama, akaonyesha meno mpaka yule bwana akaacha madumu akarudi nyuma. Dada mlezi hakunificha. Akaniambia ameshachukuliwa na kurudishwa mara mbili, wa kwanza walihama nyumba, kwa wa pili alikuwa akimbwekea baba wa nyumba kila akirudi kazini, mpaka baba akasema ni yeye au mbwa. Na mimi badala ya kwenda nikafikirie nikasema hapo hapo, namchukua, Jumamosi nakuja.

Mume wangu ni mnene, mshauri. Buti ndivyo viatu vyake vya kazi. Na akirudi safari huanza kuniita kwa sauti tangu barabarani. Anarudi wiki ijayo, na nikifumba macho namwona yuko kwenye mlango wake mwenyewe na mbwa anamwonyesha meno, ataniuliza nyumba hii ni ya nani, na wifi atasema si nilikuletea mtoto mzuri ukamkataa? Halafu nitalazimika kumrudisha Meneja mara ya tatu. Nilimuuliza yule dada mbwa akirudishwa mara tatu inakuwaje, akaendelea kukunja blanketi.

Nimefikiria hata kumdanganya wifi kwamba manyoya yananipa chafya. Nimchukue yupi? Nikimwacha Meneja nitabaki na mlango ule peke yangu, nikimchukua naweza kuvuruga nyumba. Nijibu haraka, siku zinakwisha.

Ni mimi, fundi niliyeishiwa usingizi.

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, kaa chini. Vuta pumzi. Na hiyo pasi iweke mezani.

Kwanza pole, tena pole sana. Kugeuziwa kitasa ukiwa peke yako si jambo la kucheka, na kama ningekuwa mimi nyuma ya mlango ule, pasi ingekuwa imeshaniangukia mguuni. Hofu yako si ujinga na wala huhitaji kumwomba mtu radhi kwa ajili yake. Lakini nitakugombeza kidogo, kwa sababu umeandika barua ndefu hivi kuhusu mbwa, na wewe tatizo lako lilianza kabla ya mbwa yeyote.

Uliogopa, ukasema upweke. Mumeo kasikia upweke, akakutafutia kitu cha kubembeleza, na kusema kweli katika habari yote hii yeye ndiye ambaye hajakosea hata kidogo. Ulitaka afanye nini, asome kilicho moyoni mwako kwa simu? Sasa una mtoto wa mbwa aliyefungwa utepe anayekuja kukulinda na watu wanaogeuza vitasa. Mama yangu, huyo kwa mwaka mzima wewe ndiye utakayemlinda yeye.

Tena umlinde na nini? Na chumba chako mwenyewe! Umezitaja pini na vifungo sakafuni kwa kupita tu, ukaendelea na safari yako. Mtoto wa mbwa kila kitu anakijaribu kwa mdomo. Pini moja ikimwingia tumboni, utakuwa unamkimbiza kwa daktari wa mifugo huku mteja amekaa anasubiri gauni. Na huyo bado ananyonya! Mtoto wa mbwa haondolewi kwa mama yake kabla ya wiki nane, na anayekuharakisha uondoke naye "angali mdogo" hajali atakuwa mbwa wa namna gani baadaye.

Usinielewe vibaya, sina ugomvi na wafugaji. Wapo wazuri, nawajua. Mfugaji mzuri anakupeleka kwa mama wa mbwa kabla hujaomba, anakuonyesha kadi ya chanjo, na anakuuliza maswali mpaka unajihisi uko kwenye usaili wa kazi: nani yuko nyumbani, unafanya kazi gani, atalala wapi. Wifi yako amekuuliza nini? Amekutumia picha. Mama yao amefichwa uani na hataki watu, hilo nalo linanitia wasiwasi, maana aweza kuwa anaumwa. Huyo dada wa kituoni hana undugu na wewe, hajawahi kukaa nawe hospitali, lakini amekueleza ubaya wa mbwa wake kabla hujafungua mkoba. Mimi namwamini zaidi yule aliyeniambia ubaya.

Kwa hiyo ni Meneja? Polepole. Jumamosi humchukui mbwa yeyote.

Ndiyo, umesoma sawasawa. Nenda kituoni Jumamosi na pindo zako, lakini nenda ukamwambie dada mlezi kwamba ulisema ndiyo kabla mwenzio hajajua lolote, na umwombe akuwekee mbwa mpaka mumeo arudi. Atakubali, maana na yeye amechoka kupokea mbwa kwa mlango ule ule aliowatolea. Hao waliomrudisha walikuwa watu wema kama wewe, waliosema ndiyo kwa machozi. Mumeo akirudi, mpeleke, na buti zake miguuni, na mwili wake ule ule. Asimwite mbwa, asimkazie macho, akae pembeni na vipande vya nyama kwenye kiganja mpaka Meneja aamue mwenyewe. Mwende tena siku ya pili na ya tatu. Wakipatana, mchukueni pamoja, na mumeo ndiye aishike kamba siku ya kuingia nyumbani. Wasipopatana, liseme neno hapana pale pale kituoni, ulie ukitaka kulia, lakini usimwingize ndani mbwa yule ili uje kumtoa.

Na huku ukisubiri, tia komeo kwenye mlango huo, komeo la chuma, si hirizi ya maneno. Weka taa ya nje. Mwambie jirani wa kushoto na wa kulia kilichotokea, huenda na wao vitasa vyao viligeuzwa na kila mmoja amenyamaza kama wewe. Kiti chako kirudishe dirishani, utaharibu macho na nguo za watu.

Kwa wifi nenda mwenyewe, kwa miguu yako, usitume ujumbe. Na hiyo chafya isahau kabisa. Utapiga chafya kila ukikanyaga kwake mpaka uzeeni? Mwambie, "Wifi, simchukui. Chumba changu kina pini na yeye bado ananyonya. Ulichonifanyia hospitali sijakisahau na sitakisahau, lakini mbwa simchukui." Atanuna. Mwache anune, watu wamenuniana kwa makubwa kuliko hayo na bado wanapikiana. Kisha umwombe, kwa upole, ampeleke yule mama wa mbwa kwa daktari, na ukiweza mfuatane.

Lakini kabla ya wifi, kabla ya kituo, kabla hujakanyaga cherehani kesho, kuna simu ya kumpigia mumeo. Hakikisha ameegesha na amekula. Usianze na Meneja, usianze na dada yake, usizunguke mbuyu. Mwambie, "Mume wangu, naogopa kubaki peke yangu," umweleze habari ya kitasa yote kama ulivyonieleza mimi, halafu nyamaza, umwache aongee.