Udongo wa Homa Bay Umefika Delft

Sista,

Akinyi amechovya dole gumba kwenye chupa ya wino sasa hivi, akaligonga juu ya karatasi hii kama karani wa ofisi ya D.O. anayepiga muhuri, halafu akaniangalia aone kama nitamchapa. Sikumchapa. Leo siwezi kumchapa mtu. Hiyo alama ya buluu hapo juu ni yake, ichukue kama salamu. Ulipotuacha alikuwa anasimama kwa kushika kiti. Sasa anakimbiza kuku.

Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho kilikuwa chetu sisi wawili. Kijaluo ulikuwa unakipasua kama kuni mbichi, na Kiingereza changu kiliishia darasa la nne kule Suna. Usicheke mwandiko.

Nianze na lile kubwa. Barua ya Baba Akinyi ilifika jana. Sista, umefika Delft, kwenu Uholanzi. Umefika kwa mama yako, salama, na hakuna aliyekupa talaka.

Najua hunielewi. Ngoja nirudi nyuma.

Unakumbuka uchungu wa Akinyi? Ulianza jana yake, na kulipopambazuka mtoto bado hataki kushuka. Ukanikataza kulala. Ulinishika kiwiko ukanitembeza kwenye veranda ya wodi, kutoka mlango wa dawa mpaka tangi la maji na kurudi, ukasema, "Leo wewe na mimi tunatembea mji wetu." Nikadhani homa imekupanda kichwani. Lakini nilitembea. Mlango wa dawa ukawa uwanja wa soko, na ilikuwa Alhamisi, siku yao ya soko, majibini ya mviringo yamepangwa kama magurudumu. Tangi likawa lile kanisa la zamani lenye mnara ulioinama, ambao watu wanapita chini yake na vikapu vyao bila kuogopa. Katikati palikuwa na mifereji na madaraja, na kila daraja ulinisimamisha nipumue, niangalie maji. Uchungu ukizidi unasema, "Sasa tunapanda mnara wa kanisa jipya. Ngazi moja. Nyingine. Usiangalie chini." Nilikutukana, Sista, kwa Kijaluo, na ulielewa. Ukajibu, "Asante. Ngazi nyingine." Tulipofika juu ulinionyesha miji mingine miwili kwa mbali, na hapo Akinyi akaja, asubuhi kama jina lake.

Kwa hivyo mimi hata Kisumu sijafika, lakini Delft naijua kwa miguu.

Baada ya sisi kukuzika pale kando ya kanisa, serikali ilichagua vijana wa pampu za maji waende ng'ambo kusoma mambo ya maji. Baba Akinyi akawa mmoja. Akaniletea karatasi nisome ni mji gani. Nilikaa chini, mahali palepale, kwenye mavumbi.

Nikamwandikia njia yote ya veranda: aanzie sokoni, aone wale wanaopaka vyungu rangi ya buluu kwa brashi nyembamba kama unywele, apande mnara, asimame kila daraja, kisha atafute nyumba ya mama yako karibu na kanisa lililoinama. Na nikafanya jambo lingine.

Siku ya mwisho ulipokuwa bado unaongea, uliuliza, "Nani atamwambia mama?" Padri aliandika. Niliiona juu ya meza yake, mistari sita. Sikumlaumu, ana kazi nyingi. Lakini mistari sita, kwa mtoto wa mtu! Mama yako hakukuona, hakukulilia, hakushika hata nguo yako. Basi Jumapili baada ya misa nilijifanya napalilia, nikachota udongo wa kaburi lako kwa kijiko, nikautia kwenye mkebe wa kahawa. Baba Akinyi akauweka kati ya mashati yake.

Mama mkwe alikuja kujua wakati ndege imeshaondoka.

"Nyar Suna," akaniambia, maana unajua yeye huniita binti wa kwetu, "huyo Sista alikuwa ameolewa?"

"Hapana, Mama. Ni sista."

"Si mlituambia ameolewa na Yesu? Si alikuwa na pete?"

"Alikuwa nayo."

"Basi bwanake yuko hapa. Boma lake ni hapo kanisani, na alizikwa kwa bwanake kama mke wa heshima. Wewe umechukua mke wa mtu ukamrudisha kwao! Umemwachanisha na Yesu, na huyo Sista ndiye aliyekuzalisha!"

Nilicheka. Kisha nikaenda mtoni kuteka maji, na huko kicheko kikaisha. Maana ni kweli. Kwetu mwanamke aliyeolewa analala kwa mumewe. Ukimrudisha kwao amekufa, unauambia ulimwengu ile ndoa haikuwa kitu. Watu hufanya hivyo wakitaka kuaibisha. Na mimi nimekufanyia wewe, kwa mkono wangu, kwa kijiko ninachokorogea uji.

Miezi minne, Sista. Padri ningemwambia nini? Angesema ni ushenzi. Mama mkwe anasema ni talaka. Akinyi aliposhikwa na homa, mama mkwe alimkanda kwa maji huku akiangalia upande wa kanisa. Niliandika barua haraka: Baba Akinyi, usiutoe huo udongo, urudi nao. Wiki zikapita bila jibu. Nilikuwa nikipita kando ya kaburi lako natembea upesi kama mtu anayedaiwa. Sikuweza kukusalimia. Wewe!

Halafu jana, posta.

Anasema mji uko vile ulivyosema. Soko liko, mnara umeinama. Alipanda ule mwingine mpaka juu akashika ukuta kwa mikono miwili, na mwalimu wao akampiga picha hivyo hivyo. Mifereji iliganda siku tatu na akatembea juu ya maji kama Petro, akaanguka kama Petro. Walimpa samaki mbichi na kitunguu, amshike mkia ammeze. "Mimi mtoto wa ziwa," anaandika, "babu zangu walikuwa wanavua kabla ya kanisa lao kuinama, leo nafundishwa kula samaki asiyejua moto!" Lakini alikula. Anasema si mbaya, tusimwambie mtu.

Barua yangu alikuwa ameshaipata, na akaogopa. Ndiyo maana alichelewa kwenda kwa mama yako, ila mwishowe akaona heri mama aamue mwenyewe. Alipokwenda, mpwa wako anayejua Kiingereza alikuwepo kutafsiri. Mama yako haoni vizuri sasa. Alipokea mkebe, akaunusa, akashukuru sana kwa kahawa, na kabla mtu hajasema neno amechota kijiko na maji yanachemka! Baba Akinyi akaruka: "Hapana, Mama! Ni Sista!"

Mpwa wako hakuweza hata kutafsiri. Mama yako alielewa mwenyewe. Akarudisha kijiko polepole, akafuta ukingo wa mkebe kwa aproni.

Baba Akinyi ni mtu mkweli kupita kiasi, akamwambia yote. Veranda, kijiko, na maneno ya mama mkwe, kwamba pengine tumekuvunjia ndoa. Mama yako alisikiliza. Kisha akauliza: "Huko kwenu, binti akiolewa, harudi kumwona mama yake?"

"Hurudi."

"Hukaa siku ngapi?"

"Tatu. Nne. Kisha anakwenda kwake."

"Basi amekuja kunisalimia," akasema. "Nyumbani kwake napajua. Ni Homa Bay."

Sista, nilipofika hapo nilikaa na barua magotini nikalia mpaka Akinyi akaniletea kitambaa cha kufutia vyombo.

Mama yako alikuweka dirishani, kwenye sahani ya buluu, upande wa mfereji, pale wapita njia wanaweza kuchungulia. Siku nne. Siku ya pili jirani mmoja aligonga, kisha wengine. Wakapewa kahawa na biskuti moja moja, mkebe wa biskuti ukafungwa. Baba Akinyi alishangaa, matanga gani haya ya biskuti moja. Lakini walikaa. Walikumbuka ulivyoanguka mferejini na baisikeli ukiwa msichana. Mama yako alicheka, halafu akalia kwa sauti, na mpwa wako anasema tangu ile barua ya Padri hakuwa amelia hata mara moja. Alikuwa ameikunja tu, ameiweka.

Siku ya nne akamwita Baba Akinyi, akakurudisha mkebeni kwa mkono wake. Akatoa na kigae kimoja kutoka ukuta wa jikoni, cha buluu, chenye mtoto anayeruka kamba. Akasema binti hatoki kwa mama yake mikono mitupu. Masomo yanaisha mwezi ujao. Mnarudi pamoja.

Nilimsomea mama mkwe kwa Kijaluo. Akataka nirudie. Nikarudia. Akachomoa uzi kwenye leso yake, akasema, "Huyo mama ni mtu." Kisha, "Mimi nilijua ni kusalimia tu." Alijua! Miezi minne! Nilimwangalia, na yeye akaangalia kuku.

Leo amevaa gauni la Krismasi. Tunakuja kwako, mimi na yeye na Akinyi, nitapita polepole na nitakusalimia kwa sauti, Padri akisikia na asikie. Nilitaka tu kwanza kukwambia mimi mwenyewe, kwa karatasi, kwa sababu mbele ya mama mkwe sitapata nafasi ya kuongea.

"Nyar Suna! Unamwandikia nini mtu aliye hapo tu kanisani?"

Nakuja, Mama. Sista, lala salama kwako. Kigae kikifika nitakipachika kaburini, upande wa kichwa. Barua za mama yako ni zangu tangu leo, nitamwandikia habari zako na za mvua na za

"Hutoki? Basi mimi natangulia, nitamwambia mwenyewe!"

Ameshafika mlango wa boma na Akinyi mgongoni. Sista, usimsikilize, atasema yeye ndiye aliyetoa wazo la udongo. Nakuahidi kwamba mama yako hata siku moja hatakosa mtu wa kumwambia