Mwaka Ambao Akaliza Alianguka

Jumatatu, 13 Mei 2024
Kikao cha chuo. Mimi ni mwakilishi wa wazazi — muuza sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu, katikati ya madaktari wasiotibu mtu. Wakaguzi wa ubora wanafika Alhamisi. Mkuu wetu Rwema, aliyekulia Uganda, anasema ubora ni majengo na idadi ya wanaohitimu. Walimu wanasema ni vitabu. Mmoja akasema ni mshahara. Wakamcheka, kisha wakaomba iandikwe. Valens, mwalimu wa uhasibu, alisema ubora ni kumwangusha asiyejua. Ameangusha nusu ya darasa. Na mkataba wake unakwisha mwezi huu.
Nilimpenda papo hapo. Ilikuwa mapema mno.

Jumanne, 14 Mei
Binti yangu Akaliza yumo katika nusu hiyo! Anasema Valens ana roho mbaya. Nikamuuliza yeye alisoma lini. Akaendelea na roho ya Valens.

Jumatano, 15 Mei
Mazoezi ya majibu. Rwema anajifanya mkaguzi, sisi tunajifanya tumeridhika. Baadaye akanivuta pembeni. Valens haongezewi mkataba. Mwalimu mwingine atasahihisha upya, na wote watapita.
"Mama Akaliza, we ni mtu wetu. Sema tu parents wako happy."
Nikamshukuru. Adabu ninayo.
Getini nikamkuta Valens. Hakuomba kitu. Akasema tu, kwa Kiswahili chake chenye Kifaransa, "Mama, mutoto ana akili. Bon, hajaitumia."
Nimetafuta kosa katika maneno hayo njia nzima hadi nyumbani Mbugangari. Sijaliona.

Alhamisi, 16 Mei — mchana
Naandikia kwenye benchi, nje ya ofisi. Kwenye mahojiano, ndani, Rwema alikaa pembeni yangu, ingawa hakualikwa. Mkaguzi, mama mmoja aitwaye Mukasine, akaniuliza kama elimu ya hapa iko nzuri.
Nikamwambia, "Mwanangu ameanguka hapa, na alistahili. Kwa hiyo bado ni nzuri. Muulizeni mkuu kama mwezi ujao itakuwa hivyo."
Mukasine akaweka kalamu chini. "Mwezi ujao kuna nini?"
Rwema akakohoa kwa Kiingereza.
Mimi nikatolewa nje kwa heshima. Valens ameitwa ndani. Mlango umefungwa, sauti ya Rwema ndiyo inapanda. Akaliza anapiga simu mara ya tatu: nimemsaidia au sikumsaidia? Nimemwambia nimemsaidia, tena sana. Sasa anauliza, kivipi —