Kiti cha Mlango wa Mbele

Mjukuu wangu Tumpe,

Ugonile. Mjomba wako amemaliza kuvuna mpunga Busale. Mimi sitoki kitandani tena, ndiyo maana nakujibu upesi.

Unauliza kama ukatae kiti cha mwenzako wa kazini aliyefariki. Nilipokuwa mhudumu wa ndege, miaka ile mashirika binafsi ya ndege yalipoanza, mhudumu aliyetangulia kuajiriwa ndiye aliyekaa kiti cha mlango wa mbele. Kwetu alikuwa Sekela. Ndege ndogo aliyopanda ilipoanguka, sote tulisogea nafasi moja, na kiti chake kikawa changu. Safari ya kwanza, abiria wameshafunga mikanda, nilisimama tu nikikitazama.

Rehema, aliyepaswa kurithi kiti changu cha nyuma, akaninong'oneza, "Dada, usipokaa hapo, mimi nikae mapajani kwa rubani? Sekela akikuuliza, mwambie nilikusukuma."

Nilicheka huku nalia, nikakaa, ndege ikaondoka.

Hili sijamwambia mtu: hadi nastaafu, kila nilipofunga mkanda kwenye kiti kile nilisema kimoyomoyo, "Sekela, twende."

Kaa, Tumpe. Utakwenda naye.

Ndaga kwa kuniuliza mimi.

Bibi yako,
Atupele